Wimbo Una Jina, Rekodi Ina Namba

Kila inapokaribia Oktoba 14, sauti ya Kapteni John Komba hurudi redioni. Mwana huyu wa Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa, ndiye aliyeimba msiba wa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na nyimbo za maombolezo alizoongoza siku zile hazijaacha kupigwa hadi leo. Utazisikia Mbamba Bay kwa wauza usipa, utazisikia stendi ya Mbinga, na ukipanda hadi Ukata, milimani kwenye kahawa, utazikuta zinatoka kwenye redio ndogo iliyotundikwa ukutani. Komba alifariki Februari 28, 2015 akiwa mbunge wa Mbinga Magharibi, akazikwa kwao Lituhi. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wanaijua sauti yake.

Sasa tuangalie upande wa pili wa redio, pale wimbo unapoandikwa. Kituo kinachofuata taratibu hutunza logi, yaani orodha ya nyimbo zilizopigwa, na kutokana na orodha za namna hiyo ndipo mirabaha hugawanywa. Mtu wa zamu ataandika nini? Akiandika "Komba, maombolezo", anayegawa fedha atajuaje ni wimbo upi kati ya nyingi, na ni rekodi ipi: ya studio au iliyonaswa jukwaani? Nani alipiga kinanda siku hiyo? Nani waliitikia? Nani aligharamia? Kwa kwaya isiyo na jina kubwa hali ni ngumu zaidi. Nyimbo zinazoitwa "Asante Yesu" au "Mama Maria" hazihesabiki katika nchi hii, na kwaya zinazoitwa Mtakatifu Fulani ziko kila parokia. Jina ni la kumwita mtu aliye karibu. Kwa mashine iliyo mbali, jina halitoshi.

Dunia ya muziki iliamua kutumia namba. Mwaka 1986, mwaka uleule Jimbo Katoliki la Mbinga lilipoundwa kwa kumegwa kutoka Songea, Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kiwango nambari 3901, kinachoeleza msimbo wa kutambulisha rekodi. Msimbo huo unajulikana kwa herufi zake nne, ISRC. Mwaka 1989 usimamizi wake ulikabidhiwa IFPI, shirikisho la kimataifa la watayarishaji wa rekodi lenye makao yake London, na mpaka sasa ndilo linalousimamia.

ISRC ina alama 12. Tuchukue mfano wa kutunga: QZABC2400017. Herufi mbili za mwanzo zinaonyesha msimbo umetolewa kupitia wakala wa nchi gani. QZ ni mojawapo ya jozi walizopewa Marekani. Alama tatu zinazofuata ni za yule aliyesajiliwa kutoa namba, awe kampuni, studio au mwanamuziki mwenyewe. Kisha zinakuja tarakimu mbili za mwaka, hapa 24, na huo ni mwaka namba ilipotolewa. Wimbo wenyewe unaweza kuwa wa 1974. Tarakimu tano za mwisho ni za rekodi hiyo peke yake, ndiyo maana aliyesajiliwa mmoja anaweza kutoa namba 100,000 kwa mwaka bila kurudia hata moja.

Mkulima wa Mbinga hatashangazwa na mpangilio huu. Gunia la kahawa linalosafirishwa nje hubeba alama ya Shirika la Kimataifa la Kahawa: namba ya nchi, ya msafirishaji, na ya shehena. Mnunuzi wa Hamburg akiona kasoro husoma alama ile na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alikoanzia mzigo. Ila kahawa ikishakaangwa, alama imemaliza kazi yake. Rekodi haiishi kwa kusikilizwa, na namba yake haibadiliki: studio ikiuzwa, kwaya ikivunjika, haki zikihamia kwa watoto wa marehemu, namba inabaki ileile.

Herufi mbili za mwanzo zimewachanganya wengi. Mwanamuziki wa Songea au Mbinga anayepeleka nyimbo zake Boomplay, Spotify au kwingineko kwa kawaida hupitia kwa msambazaji wa mtandaoni, na msambazaji huyo mara nyingi yuko nje, kwa hiyo namba inakuja na herufi za huko. Wapo wanaoamini kwamba wimbo umeshauzwa Marekani. Haujauzwa. Herufi zile zinasema tu namba ilitoka wapi. Hazisemi rekodi ni ya nani, wala ilirekodiwa wapi. Mwenye rekodi hupatikana kwa kufungua taarifa zilizoambatanishwa na namba, na hapo ndipo mambo yetu ya Mbinga na Nyasa yanapoharibika. Nitafika huko.

Kwanza lieleweke jambo moja ambalo hata watu wa studio hulikoroga. ISRC haiutambulishi wimbo. Inaitambulisha rekodi. Kwaya ikirekodi wimbo studio Songea, hiyo ni namba ya kwanza. Wimbo uleule ukirekodiwa ukiimbwa kwenye jubilei ya parokia, hiyo ni namba ya pili. Video yake ikitengenezwa, hiyo ni ya tatu, kwa sababu video ya muziki nayo ina namba yake. Prodyuza akitoa toleo la ala tupu kwa ajili ya wanaotaka kuimbia, ni ya nne. Lakini rekodi ile ya kwanza ikitolewa peke yake leo, ikiwekwa kwenye albamu kesho, na kwenye mkusanyiko wa nyimbo za Pasaka keshokutwa, namba haibadiliki hata mara moja.

Wimbo wenyewe, yaani utunzi, una namba nyingine inayoitwa ISWC, inayoanza kwa herufi T na kusimamiwa na CISAC, shirikisho la vyama vya watunzi duniani. Namba ya kwanza kabisa ya aina hiyo ilitolewa mwaka 1995 kwa wimbo "Dancing Queen" wa kundi la ABBA la Sweden. Kwa Afrika Mashariki mfano ulio wazi kuliko yote ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M mwaka 1981, ukaimbwa na Angélique Kidjo, na pia na wengine wasiohesabika kwenye kumbi za hoteli kuanzia Mombasa hadi Muscat. Rekodi ni nyingi, na kila moja inastahili ISRC yake. Utunzi ni mmoja, na ubishi kuhusu mtunzi haujakwisha: wapo wanaosimama na Fadhili William, wapo wanaosimama na Adam Salim. Fadhili alifariki 2001 ubishi ukiwa bado unaendelea. Angalau kuhusu rekodi hakuna fumbo. Sauti iliyomo kwenye rekodi ya Fadhili ni ya Fadhili.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu kuliko kwa watu wa Bongo Fleva, na naisema kwa uzito kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Shuka kutoka Mbinga kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay, fuata mwambao kwenda Liuli na Lituhi. Huko kuna mganda: wanaume wamejipanga kwa mistari kama gwaride, kaptula na mashati meupe yaliyopigwa pasi, ngoma kubwa inaongoza hatua, na vijiji vinashindana. Kuna kioda ya akina mama. Milimani Umatengo kuna mhambo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, aliifuata familia hii ya ngoma za gwaride kutoka pwani mpaka Ziwa Nyasa, akaonyesha jinsi watu walivyochukua mwendo wa kijeshi wa wakoloni na kuufanya wao.

Nani alitunga mganda? Swali hilo halina jibu la jina moja, na kwa hiyo mlango wa mtunzi kwa kundi la ngoma ni mwembamba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, nayo ni kinga nzuri dhidi ya mgeni anayetaka kuzifanyia biashara bila idhini, lakini si njia ya kumlipa mpiga ngoma wa Liuli. Mlango wa rekodi uko wazi kabisa. Kundi likicheza siku fulani, mahali fulani, sauti ikanaswa, rekodi hiyo ina waimbaji wanaojulikana na mtayarishaji anayejulikana. Sheria inaitambua na kuilinda miaka 50. Inaweza kupewa ISRC kama rekodi ya msanii yeyote mkubwa wa Dar es Salaam, wala hakuna atakayeuliza mtunzi alizaliwa lini.

Kinachotokea ni kingine. Mtu anakuja na kamera siku ya mashindano, anarekodi, anapandisha mtandaoni kwenye akaunti yake. Au kwaya inachanga fedha za kurekodi, michango ya mwaka mzima ya mahindi na kahawa, inakwenda studio, inarekodi nyimbo nane, inarudi na flashi. Prodyuza anasema atazipeleka mtandaoni, na anazipeleka kweli. Fomu ya msambazaji inauliza jina la msanii, mmiliki wa rekodi, mtunzi, mwaka. Kwenye jina la msanii anaandika kwaya. Kwenye mmiliki anaandika studio yake. Pengine hana nia mbaya; fomu inadai jibu, mwalimu wa kwaya hayupo, simu yake haipatikani. Msimbo unatolewa dakika ileile, na kuanzia hapo kila mashine inayoikuta rekodi hiyo, popote duniani, itaambiwa kwamba ni mali ya studio.

Mashine hizo zimekuwa na masikio. Shazam ilianza kutambua nyimbo kwa simu Uingereza mwaka 2002. YouTube ina mfumo wake wa kutambua sauti na picha tangu 2007. Hazisubiri mtu aandike jina la wimbo. Huchukua vipande vya sauti, huvigeuza kuwa alama za kihesabu, na kuzilinganisha na hazina yao. Lakini sikio la mashine likishatambua, linahitaji kwenda kuuliza: hii ni rekodi gani, ya nani? Jibu liko kwenye taarifa zilizofungwa pamoja na rekodi, na ISRC ni mojawapo ya funguo zake. Kwaya inaweza kupandisha wimbo wake wenyewe ikajikuta inaambiwa haki za sauti hiyo ni za mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limejazwa na mtu mwingine.

Mtu atauliza: je, hatukuwa na alama zetu zamani? Tulikuwa nazo. Shika santuri ya Mbaraka Mwinshehe iliyotolewa Nairobi na Polydor, igeuze kwenye mwanga. Katikati kwenye lebo kuna herufi POL na namba. Ukitazama ile sehemu laini kati ya lebo na mwisho wa mfereji wa sauti, utaona namba nyingine imechongwa kwenye plastiki yenyewe, ndogo, wakati mwingine imepinda kama mwandiko wa mkono. Hiyo ilikuwa ya kiwanda, ili mfua santuri ajue bamba lipi ni la upande upi. Hugh Tracey naye, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na ala za jadi, alitoa santuri zake za utafiti kwa mfululizo wa herufi TR na namba, na kila wimbo ukawa na kadi yenye jina la mwimbaji, kabila, mahali na ala. Watafiti wa leo wanaweza kurudi kwenye kadi zile na kujua waliosikika ni nani.

Baadaye zikaja stika. Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilichoanzishwa kwa sheria ile ya 1999, kilileta hakigramu ya kubandika kwenye kanda na CD, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ikaanza stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Nia ilikuwa njema. Ila stika hukaa kwenye kasha. Sauti ikihama kutoka kwenye CD kwenda kwenye memori kadi, stika inabaki nyuma. Na hicho ndicho kilichotokea nchi nzima, Mbinga ikiwemo: kijana mwenye kompyuta mezani, spika moja mlangoni, anakujazia nyimbo kwenye flashi kwa bei ya kikombe cha chai. ISRC haikufunika pengo hilo moja kwa moja. Kwenye CD msimbo hufichwa kando ya sauti, kwenye njia ya data isiyosikika, na CD ikinakiliwa kwa haraka kwenye kompyuta msimbo huo mara nyingi hauhami. Kwenye faili la MP3 ipo nafasi maalumu ya kuuandika, lakini nafasi hiyo lazima mtu aijaze.

Omba simu ya mwanakwaya yeyote Mbinga ufungue nyimbo zake. Hutaona majina. Utaona mistari kama AUD-20210404-WA0007: sauti, tarehe, WhatsApp, namba ya mfululizo ya siku hiyo. Ni msimbo, na umepangwa vizuri, ila ni msimbo wa safari ya faili, haumjui mwimbaji. Rekodi iliyotumwa kwenye simu tano inaweza kuwa na majina matano ya namna hiyo, na kwa simu hizo tano ni nyimbo tano tofauti.

Kuna namba moja ambayo watu wa vijijini wanaijua vizuri, nayo ni ya mwito wa simu. Kwaya ikizindua albamu, mshereheshaji husimama na karatasi akasoma: mtandao huu tuma namba hii, mtandao ule tuma namba ile. Wimbo mmoja una namba tatu au nne, kila kampuni ya simu na yake, na watu huziandika nyuma ya mikono. Nimefurahi kila nilipoliona hilo, kwa sababu linathibitisha kwamba namba si kitu cha kuwatisha watu wetu. Kwaya inayoweza kutunza namba nne za mwito wa simu inaweza kutunza ISRC moja ya rekodi. Ila namba ya mwito huishia ndani ya kampuni iliyoitoa. Mkataba ukifa, nayo imekufa, na kampuni ya pili haiijui.

Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000, na tangu hapo sheria imerekebishwa ili kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha zifanye kazi hiyo, COSOTA ikibaki kuwa ofisi ya kusimamia hakimiliki. Mgao wa namna hiyo hauwezi kumfikia mtu ambaye rekodi zake hazitofautishwi na za mwenzake. Mtu wa Mbinga akisikia fedha zimegawanywa Dar es Salaam na yeye hakupata, asifikirie upendeleo kwanza. Aulize kwanza rekodi zake zimeandikwaje, na nani.

Namba pia haithibitishi umiliki, na lazima hili lisemwe waziwazi. Mwizi anaweza kuipatia rekodi ya wizi ISRC halali kabisa. Rekodi moja inaweza kujikuta na namba mbili pale kwaya inapomwacha msambazaji wa kwanza na kumwendea wa pili bila kumpa namba za zamani. Hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri na rekodi inakuwa kama watu wawili. Msambazaji wa pili angeweza kuitumia namba ileile, tena ndivyo kanuni inavyotaka, kama mwenye rekodi angekuwa nayo mkononi. Kwa hiyo kazi yote iko siku ya kurekodi. Kabla kinanda hakijawashwa, mwalimu wa kwaya au kiongozi wa ngoma aandike na prodyuza karatasi moja: nani analipia, rekodi ni ya nani, nani ameimba na kupiga nini, nani ataomba namba, na namba zikitoka zirudishwe kwa nani. Wote watie saini. Tayari tunaandikiana kwa shamba la kahawa na kwa mkopo wa mbolea.

Zimebaki kanda za zamani, na hizi zinaniuma zaidi. Radio Maria ilianza matangazo yake Songea mwaka 1996, na katika miaka ile kwaya za Mbinga na mwambao zilirekodi kwa wingi kwenye kaseti. Kaseti hizo ziko kwenye makabati ya parokia, utepe umeanza kunata, kasha limeandikwa "Kwaya, Pasaka" basi. Zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta, na zinaweza kupewa ISRC leo. Tarakimu za mwaka zitakuwa za leo, na hilo halina tatizo. Kinachokosekana ni majina. Nani alikuwa sauti ya kwanza, nani mpiga kinanda, nani mtunzi, studio ilikuwa wapi? Waimbaji wa kaseti zile bado wapo Litembo, Maguu, Kigonsera, Liuli na Lituhi, na walio wengi sasa ni wazee. Parokia ikitenga Jumapili moja baada ya misa, kaseti ikachezwa mbele yao huku mtu ameshika kalamu, majina yatapatikana.